Mwalimu, huko kaskazini kuna nini?

Toleo lililopita nilikuwa najibu swali la viza, na katika kujibu nikaitaja Lunda Wick, ghuba ndogo ya mchanga katika kisiwa cha Unst, Shetland, kaskazini kabisa mwa Uskoti. Niliitaja kwa mistari miwili mitatu tu: kwamba binti yangu, muuguzi wa Aberdeen, alinipeleka huko, na kwamba sijawahi kukaa mahali palipotulia vile. Barua zilizokuja zimenifurahisha, na nyingi zimetoka hapa hapa kwetu kanda ya kati. Safu yote ya leo ni ya ghuba hiyo.

"Shikamoo Mwalimu. Mwanangu wa kwanza anamaliza chuo Aberdeen. Anataka niende kwenye mahafali yake mwezi wa saba, halafu anipeleke kwenye kisiwa ulichokitaja. Nina miaka sitini na miwili, goti la kulia linanisumbua, na bahari nimeiona Dar es Salaam tu. Wenzangu kwenye kikundi chetu cha kuweka na kukopa wananiambia nikishafika Uingereza niione London, nisiende kupoteza siku kwenye majani na kondoo wakati kondoo wamejaa Chamwino. Wewe uliyefika unasemaje?"
*Mama wa watatu, Nkuhungu*

Marahaba mama, na hongera sana kwa mahafali. Nenda. Na ukienda, lala huko huko kisiwani. Wanaokwenda Unst asubuhi na kugeuza jioni wanaishia kuona barabara na vivuko.

Nianze na njia kwa sababu ya hilo goti. Meli ya Shetland inaondoka Aberdeen jioni, inakwenda usiku kucha, asubuhi mnashuka Lerwick. Ni mwendo wa muda wa saa kumi na mbili na ushee, na siku ambazo inapitia Kirkwall kule Orkney inaondoka mapema zaidi. Mwambie kijana akukatie chumba chenye kitanda. Yeye kiti cha kulaza kinamtosha, wewe hapana. Bahari ile huchafuka hata wakati wa kiangazi chao, kwa hiyo nunua dawa ya kichefuchefu cha safari mapema na uimeze kabla meli haijang'oa nanga.

Lerwick mnapanda basi hadi Toft, mnavuka kwa kivuko dakika ishirini hivi mpaka Ulsta, kisiwa cha Yell. Mnaikata Yell yote hadi Gutcher, na hapo kivuko cha pili, dakika kama kumi, kinawashusha Belmont. Hiyo ndiyo Unst. Kama umewahi kuvuka kwenda Kigamboni hakuna kitakachokushangaza, isipokuwa foleni ni ya magari machache na hakuna anayeuza karanga. Kutoka Lerwick hesabu karibu saa mbili na nusu, upepo ukiruhusu. Usiporuhusu, kivuko hakitembei, na hakuna wa kulalamikiwa. Ndiyo maana usipange kurudi Aberdeen siku moja kabla ya ndege ya nyumbani. Acha siku mbili tatu za nafasi.

Unst ina watu mia sita hivi, na ndicho kisiwa cha mwisho chenye wakazi upande wa kaskazini wa Uingereza nzima. Mbele yake kuna miamba ya Muckle Flugga, yenye mnara wa taa uliojengwa miaka ya 1850, na baada ya miamba hiyo ni bahari. Nimefundisha jiografia hapa Dodoma maisha yangu yote ya kazi, na mstari wa nyuzi 60 kaskazini nimeuchora ubaoni kwa chaki kila mwaka. Unst iko nyuzi 60 na dakika 45, juu kidogo ya ncha ya kusini ya Greenland. Kule Greenland ni barafu, na Unst ni majani mabichi, kwa sababu ya mkondo wa maji ya uvuguvugu unaoanzia pande za Ghuba ya Meksiko na kuvuka Atlantiki hadi huko. Wanafunzi wangu walikuwa wanakariri jina la mkondo huo ili wafaulu. Mimi Lunda Wick nilivua viatu nikaingia majini hadi vifundoni ili niuguse, na maji yaliniuma mpaka kwenye mifupa. Uvuguvugu wenyewe ni wa kuizuia bahari isigande, basi.

Baridi ya nchi kavu utaielewa kwa hesabu ya nyumbani. Mwezi wa saba, adhuhuri ya Shetland huwa kama nyuzi 14. Hizo ndizo nyuzi za usiku wetu wa Julai, ule tunaojifunika mablanketi mawili. Uongeze upepo, na upepo wa huko hauna siku ya mapumziko. Beba koti linalozuia mvua na upepo, sweta la sufu, soksi nzito, na kofia ya kufunga kidevuni. Mwavuli uache Nkuhungu. Fimbo ya kutembelea ichukue, maana barabara nyembamba ya lami inakufikisha jirani na ghuba, lakini kipande cha mwisho ni cha kuteremka kwenye majani, na majani huwa yamelowa.

Sasa ghuba yenyewe. Mchanga umejipinda ukitazama magharibi. Ukingoni kuna gofu la kanisa la Mtakatifu Olaf, la karne ya 12, halina paa, kuta za mawe bado zimesimama, na makaburi yamelizunguka kwenye nyasi. Ng'ambo ya pili ya maji, kilimani, ni Underhoull, penye misingi ya nyumba ndefu ya Waviking na mabaki ya ngome ya mawe iliyowatangulia. Na ukiwa bado barabarani utaliona jiwe la Bordastubble, limesimamishwa peke yake, kimo chake kinakaribia mita nne, tangu enzi ambazo watu wake hawakuacha maandishi. Yote hayo yamo ndani ya mwendo ambao hata goti lako litauweza ukienda polepole.

Hakuna kibanda cha soda, hakuna anayekutoza kiingilio. Sili wanakuja karibu na ufukwe, wanatoa kichwa nje ya maji, wanakutazama. Ukitembea, wanakufuata sambamba majini. Ukikaa, wanakaa. Binti yangu alisoma kitabu chake chote alichobeba na mimi sikuzungumza naye kwa muda mrefu, wala hakuna aliyenuna.

Kwenye makaburi yale kuna Wajerumani wawili, na ningependa uwatembelee kwa niaba yangu. Mmoja ni Segebad Detken, raia na mfanyabiashara wa Bremen. Jiwe lake lilichongwa kueleza kwamba alifanya biashara katika nchi ile miaka 52, akafariki tarehe 20 Agosti 1573. Mwenzake ni Hinrick Segelcken, wa Bremen pia, wa mwaka 1585. Mchana mawe yale ni mawe tu, yamelika na kushika ukoga wa manjano na kijivu. Tulirudi saa tatu usiku, jua la kule likiwa bado juu ya bahari, mwanga ukaja kwa ubavu na kuingia kwenye mikwaruzo. Hapo ndipo nikaona kwamba mkono wa mtu ulipita pale na patasi, mstari chini ya mstari.

Wazee hao walikuwa wanunuzi wa samaki. Kila kiangazi walikuja na chumvi, nafaka, nguo, ndoano na nyuzi za kuvulia, wakaondoka na samaki waliokaushwa kwa upepo. Biashara ilidumu vizazi kwa vizazi na ikafifia baada ya Uskoti kuungana na Uingereza mwaka 1707, kodi ya chumvi ilipofuata. Sisi tuliozaliwa Ugogo tumesimuliwa misafara ya Tabora na Bagamoyo iliyopita hapa, ikalipa hongo kwa watemi ili ipate njia na maji. Mfanyabiashara anayepita tunamjua. Huyu Detken alirudi nusu karne mahali pale pale, na alipokufa wakamlaza kati ya wazee wao. Nimemfikiria mtu huyo mara nyingi tangu nirudi Dodoma, kuliko kitu chochote nilichokiona Ulaya.

Na kuhusu kondoo, waambie wenzako wa kikundi hivi: kwa sababu kondoo wamejaa Chamwino, wewe utakuwa na la kuzungumza. Mama mmoja mfugaji alitukuta getini, akaniuliza nimetoka wapi. Nilipomwambia tunafuga, akataka kuona. Nikamwonyesha kwenye simu kondoo wetu wa mkia wa mafuta. Alistaajabu kwamba hatuwakati manyoya, nikamweleza kwamba wetu wana nywele fupi, hakuna cha kukata. Akanishikisha sufu ya kwake, bado ina mafuta na harufu ya zizi. Wanawake wa Unst walisokota uzi mwembamba wakafuma shali ambayo yote, mama, yote, inapita ndani ya pete ya ndoa. Kuna kituo cha kumbukumbu Haroldswick zinakoonyeshwa. Usiondoke kisiwani hujaziona.

London weka mwishoni. Haitahama.

"Mwalimu, mimi ni mwalimu mwenzako wa sekondari. Nimeona picha za Shetland, hakuna mti hata mmoja. Mvua wanayo ya kutosha. Kwa nini basi? Nataka jibu la kuwapa kidato cha tatu."
*Msomaji, Mpwapwa*

Wape jibu la mikono miwili: upepo na kondoo. Upepo unakuja na chumvi ya bahari na kuunguza machipukizi, na kinachonusurika kondoo anakimaliza kikiwa bado kidogo. Lakini waambie pia kwamba haikuwa hivyo tangu mwanzo. Chavua za kale zilizohifadhiwa kwenye mboji, ule udongo mweusi mzito wanaoukata, kuukausha na kuuchoma kama kuni, zinaonyesha kwamba zamani kulikuwa na vichaka vya miti. Wakulima wa mwanzo walifyeka, mifugo ikazuia isirudi.

Ushahidi wa kuwaonyesha upo Unst kwenyewe. Baltasound, mahali paitwapo Halligarth, kuna kijisitu kilichopandwa karne ya 19 kikazungushiwa ukuta wa mawe. Ndani ya ukuta miti imesimama. Nje, hakuna. Nilitembea kandokando ya ukuta ule na nikawa naiona Kondoa. Wewe wa Mpwapwa unaijua habari ya HADO, mradi wa hifadhi ya ardhi ulioanza mwaka 1973, na jinsi mwaka 1979 mifugo ilivyoondolewa kwenye eneo la Kondoa lililomomonyoka. Nilipeleka wanafunzi kuyaona makorongo yale, na miaka ya baadaye nikawapeleka wengine kuona majani na miti iliyorudi yenyewe. Watu waliohamisha ng'ombe wao waliumia, hilo nalo usilifiche darasani. Weka Halligarth na Kondoa ubaoni bega kwa bega, uwaache kidato cha tatu wabishane nani alipe gharama ya mti kurudi. Mimi ningetoa kipindi kizima.

"Assalamu alaykum Mwalimu. Nimealikwa na mdogo wangu anayeishi Uskoti, twende Shetland mwezi wa sita. Nimesikia huko jua halizami. Ninaswalije? Na usingizi?"
*Msomaji, Kondoa Mjini*

Wa alaykum salaam. Jua linazama, ila kwa kuchelewa sana. Mwishoni mwa Juni linazama kama saa nne na nusu usiku na kuchomoza kabla ya saa kumi alfajiri. Katikati hapo giza halikamiliki: upande wa kaskazini mbingu inabaki na weupe, na unaweza kutembea njiani bila tochi. Sisi wa nyuzi 6 kusini, ambao magharibi yetu huja kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja mwaka mzima, mwili unagoma kuamini.

Maghribi unayo, na alfajiri unaweza kuikadiria. Ugumu uko kwenye isha, kwa kuwa wekundu na weupe wa mbinguni hauondoki. Wanazuoni wamelizungumza hili zamani kwa ajili ya nchi za mbali kaskazini, na zipo njia zaidi ya moja: kufuata saa za mji wa karibu ambako alama zinaonekana, au kuugawa usiku kwa makadirio. Msafiri naye ana ruhusa zake za kupunguza na kukusanya. Ipi uifuate, hilo ni la sheikh wako, na umuulize kabla hujaondoka Kondoa ili ufike na moyo uliotulia. Mdogo wako naye aulize kwenye msikiti wa mji anaoishi, maana wao wanaishi na swali hili kila kiangazi. Kibla ni kusini-mashariki.

Chakula hakitakusumbua, samaki wapo. Usingizi ndio kazi. Beba kitambaa cheusi cha kufunika macho, au kanga nzito ya mkeo iliyokunjwa mara mbili, uitundike dirishani kwa vibanio vya nguo. Ndivyo nilivyofanya mimi.

"Shikamoo Mwalimu. Niko UDOM, nimepata nafasi ya kozi fupi Edinburgh na nitakuwa na wiki moja ya bure mwezi wa sita. Hela sina. Naweza kupiga hema kwenye hiyo ghuba? Na nina droni ndogo, nataka kupata picha za juu ambazo hakuna Mtanzania anazo."
*Mwanafunzi, Dodoma*

Marahaba mwanangu. Hema unaweza. Uskoti ina sheria ya mwaka 2003 inayompa kila mtu haki ya kupita kwa miguu na kulala kwenye ardhi iliyo wazi, hata kama ina mwenyewe, mradi asiharibu na asisumbue. Haki hiyo haigusi ua wa nyumba ya mtu wala shamba lenye mazao. Maana yake kwa vitendo: geti ulilolikuta limefungwa, lifunge nyuma yako. Lililokuwa wazi, liache wazi, mwenye kondoo ana sababu yake. Seng'enge usiipande, tafuta geti. Moto usiwashe kwenye nyasi, chini yake kuna mboji, na mboji ikishika moto inaungua chini kwa chini. Na usilale kati ya makaburi ya Mtakatifu Olaf hata kama ukuta unakinga upepo. Pale ni makaburini kwa watu.

Ila mimi ningekushauri usiku mmoja au miwili ulale kwenye hosteli ya Gardiesfauld, kijiji cha Uyeasound, upande huo huo wa kusini wa kisiwa. Utakausha nguo, utapika, na utasikia kutoka kwa wenyeji wapi fisi-maji wameonekana asubuhi hiyo. Duka liko Baltasound, kwa hiyo mchele na mafuta nunua kabla hujafika. Nyama na maziwa usibebe kutoka nyumbani, hayaruhusiwi kuingia Uingereza. Kwenye meli chukua tiketi isiyo na chumba.

Droni iache Edinburgh. Najua hili halitakupendeza, na nalisema kwa uzito wote nilionao. Juni ndege wote wa kule wako kwenye mayai na vifaranga. Buabua wa Aktiki, ndege mweupe mwembamba mwenye uzito wa gramu mia moja hivi, ametoka upande wa Antaktika kuja kuatamia mayai kwenye changarawe ile ile utakayokanyaga. Kitu kikinguruma angani, kundi zima linaruka, mayai yanapoa, na shakwe wakubwa wanangoja hapo hapo. Isitoshe kuwasumbua baadhi ya ndege wakiwa kwenye viota ni kosa kisheria. Ukiona buabua anakuja kichwani kwako kwa kelele, umekaribia sana: inua fimbo juu ya kichwa, usimpige, rudi ulikotoka ukiangalia unapokanyaga.

Ukitaka picha ambayo Mtanzania hana, nenda hifadhi ya Hermaness, kaskazini ya kisiwa hicho hicho. Kuna pafini, ndege mfupi mwenye mdomo wa rangi tatu, anayechimba shimo kwenye majani ya ukingo wa jabali. Anafika Aprili na kuondoka mwanzoni mwa Agosti, kwa hiyo Juni utamkuta nyumbani. Lala kifudifudi mbali na ukingo, tulia, atatoka mwenyewe. Simu yako inatosha.

"Mwalimu, likizo yangu ni Desemba tu. Niende?"
*Mfanyakazi wa serikali, Ihumwa*

Mchana wa Desemba huko haufiki urefu wa saa sita, na dhoruba zinafunga vivuko. Kama hamu yako ni ghuba, ngoja mwaka utakaopata likizo ya Mei au Juni. Kama hamu yako ni kuona ile mianga ya kijani inayocheza angani usiku, basi majira ya baridi ndiyo yenyewe, lakini ukubali kwamba unaweza kukaa wiki nzima chini ya mawingu usiione.

"Mwalimu nakuheshimu, ulinifundisha. Lakini unatuelekeza Shetland wakati Watanzania wengi hawajafika hata Pemba. Kaskazini ya Pemba hakuna ghuba tulivu?"
*Mwanafunzi wako wa zamani, Chamwino*

Ipo, na umenikumbusha wajibu. Nimejibu habari za Shetland kwa sababu wasomaji wenye watoto na ndugu Uskoti wameuliza. Lakini kwa mwenye nauli ya ndani ya nchi, Vumawimbi ndiyo jibu langu, kwenye rasi ya Kigomasha, kaskazini kabisa ya Pemba. Ni ufukwe mrefu uliopinda, mchanga mweupe laini, na saa nyingi za siku unaweza kujikuta na wavuvi tu.

Toka Dodoma kwa treni ya SGR asubuhi, ulale Dar es Salaam, upande boti kwenda Unguja na kuunganisha Pemba. Ukishashuka, tafuta gari la kwenda Konde. Kuanzia Konde unaingia msitu wa Ngezi, na ninakuomba usiupite kwa kasi. Ni kipande cha msitu mnene wa asili uliobaki katika kisiwa ambacho sehemu kubwa ni mashamba ya mikarafuu, na ndani yake wapo popo wakubwa wa Pemba, wenye manyoya mekundu-kahawia, ambao kwa asili hawapatikani kisiwa kingine chochote duniani. Lipia pale kituoni, chukua mwongozaji wa hapo hapo. Ukitoka msituni ndipo Vumawimbi inafunguka, na mbele zaidi kuna mnara wa taa wa Ras Kigomasha, wa chuma, wa mwaka 1900. Uliza kama mlinzi yupo akupandishe.

Yale niliyomwambia kijana wa UDOM yanahusu huku pia. Pemba ni kwa watu wenye dini na staha: vaa nguo ya heshima ukipita vijijini, salimia kwanza ndipo uulize njia, na usimpige picha mama anayechokoa pweza bila ruhusa yake. Uliza saa za maji kujaa na kupwa kabla hujaacha vitu vyako mchangani, hasa siku za bamvua, maji yanaporudi mbali na kupanda kwa nguvu. Maji ya kunywa na chakula cha mchana beba kutoka Konde.

Ulikuwa darasa gani? Niandikie ukisharudi, na uniambie kama mikarafuu ilikuwa inachumwa. Ikiwa ni msimu, karafuu zinaanikwa kwenye majamvi kando ya barabara, na utapenda kufungua dirisha la gari.